Mwanajeshi wa Ukutani

Enzi zetu, safari ilikuwa safari. Baba alipomaliza kazi bandarini tulihama Mombasa tukarudi kwao Nyaramba na kila tulichokuwa nacho. Treni mpaka Nairobi, treni nyingine mpaka Kisumu, basi mpaka Kisii, kisha pikapu tuliyopanda pamoja na mbuzi na mabati ya watu. Mwisho tulipanda kilima kwa miguu, mama godoro kichwani. Wadogo zangu walilia njia nzima. Mimi nilikuwa na miaka saba na sikutaka safari iishe. Kila stesheni nilitoa kichwa dirishani nimwone gadi akipuliza filimbi na kupunga bendera, na treni nzima, na wakubwa wake wote, ikamtii.

Nyumbani alitupokea nyanya, tuliyemwita Magokoro kama wanavyoitwa nyanya wote wa Kisii. Kabla hata sijapewa uji wa wimbi, alinishika bega akanisimamisha ukutani, mbele ya picha pekee iliyokuwa katika nyumba ile: mwanamume mwembamba wa kofia, vifungo vinang'aa, mnyororo kifuani, fimbo fupi kwapani.

"Makori, huyu ndiye Makori," akasema. "Babu ya baba yako. Alipigana vita vya Wazungu. Jina lake ndilo ulilopewa, usije ukaniaibisha."

Hivyo ndivyo marehemu babu, mwana wa huyo mwanajeshi, alivyomsimulia alipomwoa. Na kwetu, mtoto akipewa jina la aliyetangulia, watu hungoja tabia ya mwenye jina irudi.

Walingoja sana. Vita vyetu tulipigana kwa mapera mabichi katikati ya migomba, kila siku isipokuwa Sabato, ambapo tulikaa kanisani tumepakwa mafuta tukiwaza chakula kilichopikwa jana yake. Pera likinipata sikioni, nalia.

"Eti mwanajeshi!" watoto wa jirani yetu, Mzee Ombati, walinicheka. "Mwanajeshi wa kuita mama!"

Nilichokiweza mimi ni kupotea. Nikitumwa kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia, narudi jioni, nimefika mpaka Sironga kuona tu barabara inaishia wapi. "Miguu yako ina mdudu gani?" Magokoro alifoka, huku akinipakulia ugali na chinsaga, mboga chungu ambayo niliichukia wakati huo na sasa naiota. Watoto wa siku hizi, ukiwatuma chumvi dukani wanakuuliza bodaboda iko wapi.

Nilipomaliza kidato cha nne, baba alisikia kwamba jeshi lingeandikisha vijana Nyamira. Alikuwa amekwisha kunitangaza soko zima. Alfajiri alinikimbiza kilimani, jioni akanifungua mdomo kunikagua meno kama ng'ombe wa mnada. Bunduki sikuitaka hata kuiona. Lakini ningemwambiaje, na jina lilikuwa limekwisha kuamua?

Siku moja kabla ya kwenda, baba aliteremsha ile picha. Alitaka niibebe, wakubwa wa jeshi waone ninatoka ukoo gani. Kioo kilikuwa kimejaa moshi, kwa hiyo tukaitoa kwenye fremu tuifute uani, juani. Kumbe fremu ilikuwa imeficha sehemu ya chini. Miguuni pa mwanajeshi wetu palikuwa na taa ya kubeba mkononi. Nikaangalia fimbo: imezungushiwa kitambaa. Nikaufuata mnyororo mpaka mwisho: filimbi.

"Baba, huyu ni gadi wa treni."

"Nyamaza. Hiyo ni fimbo ya ofisa."

"Ni bendera, imekunjwa. Si tuliwaona tukitoka Mombasa?"

Baba aliisogeza picha karibu na macho, akaipeleka mbali, akairudisha. Kisha akaketi polepole juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Na vita?" Magokoro akauliza.

"Mama, hapa hakuna vita. Kuna reli."

Nilidhani atalia. Alicheka mpaka leso ikamwanguka. "Yule mume wangu! Miaka yote natisha watu na mtu wa filimbi!" Halafu akanigeukia, akafuta macho. "Kumbe ndiyo maana huyu hatulii. Tumekuwa tukimgombeza bure."

Kesho yake baba hakuniamsha. Nililala mpaka jua likanikuta kitandani.

Leo mpwa wangu angeipiga picha hiyo kwa simu na kupata jibu kabla uji haujapoa. Angepata jibu, lakini asingekaa miaka kumi na moja na mwanajeshi nyumbani, wala asingejua raha ya kumpoteza hivyo, wote mkicheka uani. Ana picha nyingi kwenye simu, na ukimuuliza ni za nani, nusu yake hajui.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya utingo kwenye lori la masafa marefu. Tangu siku niliyoondoka nimerudi Nyaramba kama mgeni tu. Siku hiyo baba alinibebea begi mwenyewe mpaka barabarani. Mzee Ombati akainua kichwa kutoka kwenye michai yake.

"Sasa ndiyo anaenda jeshi?"

"Haendi jeshi," baba akajibu, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili. "Anaenda mbali."

Alilitamka neno hilo kama cheo.