Balozi Aliniomba Niseme Ndiyo, Nikakataa

Admin, jina langu lifiche na mtaa pia usiutaje, maana nusu ya kwaya yetu imo humu kwenye ukurasa wako. Mimi ni mama wa miaka sabini na moja, mjane, naishi Temeke na binti yangu Neema. Ni mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Watu wakigombana hapa mtaani husema, "Twendeni kwa mama, yule hajui uongo." Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mnivumilie. Matusi yenu nayategemea, ila mkimaliza kutukana mnijibu.

Enzi za Ujamaa nilikuwa karani katika ofisi moja Kurasini. Mume wangu alimleta mdogo wake, Tabitha, kutoka bara akae nasi. Wifi yangu huyo aliamka alfajiri, akapanga foleni ya sukari, akachota maji, akapika, akambeba Neema mgongoni mchana kutwa. Nikirudi kazini nakuta kila kitu tayari, na mtoto wangu wa kumzaa ananikimbia, anang'ang'ania sketi ya Tabitha na kumwita mama. Semeni mtakavyo, nilimchukia. Kanisani tulikaa benchi moja, tukasoma kitabu kimoja cha nyimbo, na bado nilimchukia. Alikuwa amepata mchumba, kijana mpole wa kwaya, na ndoa yao ilishatangazwa kanisani Jumapili mbili. Ilibaki moja. Yaani angeondoka mwenyewe kwangu, wala sikuwa na haja ya kumsukuma.

Ndipo zikaja zile operesheni za kuwakusanya wasio na kazi mjini, wanapakiwa kwenye lori na kupelekwa vijijini kulima. Jumamosi moja saa nne asubuhi balozi wetu wa nyumba kumi akabisha hodi akiwa na mgambo wawili. Tabitha aliwaona kutoka uani, akajificha jikoni nyuma ya magunia ya mkaa. Mgambo akauliza kama mle ndani yumo mtu asiye na kazi. Balozi, mtu mzima mwenye huruma zake, akanikonyeza.

"Mama Neema, yule wifi yako si ndiye anakufanyia kazi za ndani? Sema ndiyo tu, mie niandike, sie twende zetu."

Neno moja. Na wala lisingekuwa uongo, maana kama ile haikuwa kazi, sijui kazi ni nini. Lakini Jumapili iliyotangulia mchungaji alikuwa amehubiri kwamba Mkristo anayeidanganya serikali anamdanganya na Mungu, nami nikalishika lile hubiri kama fimbo. Nikasema, "Balozi, mimi ni Mkristo, sisemi uongo. Hana kazi. Yuko jikoni."

Balozi akaniangalia. "Haya, mama," akasema. "Mungu wako amesikia."

Walimtoa Tabitha akiwa mweusi kwa vumbi la mkaa. Nje alisimama jirani yetu Mama Zaituni, muuza mihogo, mwenyeji wa Lindi, ambaye jana yake walikuwa wametukanana bombani kwa sababu ya zamu ya ndoo. Tabitha alipomwona akapiga kelele, "Mama Zaituni, umeniuza! Kwa ndoo ya maji umeniuza!"

Yule mama akanigeukia. "Mama Neema, si uwaambie? Mie nimefika sasa hivi!"

Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Mgambo. Mihogo yake ikadoda. Binti yake Zaituni alizomewa mpaka akaacha shule. Balozi alikuwa anajua, lakini aliwaleta mgambo yeye mwenyewe, nadhani aibu ikamziba mdomo. Akahamia Kimbiji, akafia huko. Mama Zaituni naye alikufa na jina lile. Nilikwenda msibani, nikapika.

Mume wangu alimpata dada yake baada ya mwaka. Mchumba alishaoa. Tabitha akasema hawezi kurudi mtaa anaoishi yule mwanamke. Akabaki kijijini, akaolewa na mlevi, mimba tatu zikatoka kwa kipigo. Hayo nayajua yote, na meza ya Bwana nashiriki kila inapoandaliwa.

Sasa Neema, ambaye hakuusahau ule mgongo, amemleta shangazi yake hapa nyumbani. Daktari ametuambia tumpe tu anachopenda kula. Anayemwosha na kumlisha ni Zaituni, binti wa Mama Zaituni, anakuja kila asubuhi bila kuitwa. Jana Neema alimwambia Tabitha huyu ni mtoto wa nani. Tabitha akalia, kisha akasema mchungaji akija Jumapili anataka kumsamehe marehemu mbele ya watu wote. Akanishika mkono.

"Wifi, katika ukoo wetu ni wewe tu hujawahi kusema uongo. Niambie, ni Mama Zaituni kweli? Nisije nikafa nimemsingizia mtu."

Zaituni alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Wote wawili wananitazama. Nikasema, "Ndiyo."

Zaituni akaweka bakuli chini, akapiga magoti kando ya kitanda. "Basi shangazi, nakuomba radhi kwa niaba ya mama yangu," akasema. "Mie nilikuwa sijawahi kuamini."

Leo ni Alhamisi. Nikisema kweli, Neema hatanitaka tena humu ndani, na sina pengine pa kwenda. Nisiposema, Jumapili nitakaa mbele pamoja na mchungaji, wamsamehe marehemu kwa dhambi yangu, na mimi ndiye nitakayeitikia amina. Asubuhi hii Zaituni kaja tena, macho yamevimba, na safari hii kaniletea na mimi bakuli la uji. Nimelimaliza. Nishaurini, nifanye nini? Ila msiniambie nisali, kusali sijawahi kuacha.