Nyumba Niliyoiruka

Mimi si mwepesi wa kusamehe. Wenzangu husema umri huilainisha roho ya mtu. Yangu umri umeikuta hivi na umeiacha hivi hivi.

Tulifika Matrah, Omani, mwaka 1964, mimi na mama, na masanduku mawili na cherehani. Baba tulimwacha Unguja kaburini. Jamaa yake mmoja alitupa nyumba ya udongo ndani ya kichochoro kilichobanwa na mlima, mahali ambapo joto likishaingia halina pa kutokea. Nyumba nne katika kichochoro kile zilikuwa za watu wa kwetu, na jioni ukipita ulisikia Kiswahili tupu.

Zama hizo maamuzi ya serikali hayakubandikwa ukutani. Yalitoka kwa liwali, karani akayaandika, na mnadi akayapigia kelele sokoni baada ya sala ya alasiri: kisima gani kinasafishwa, njia gani imefungwa, nani asijenge nini. Yote kwa Kiarabu, tena cha haraka. Wanawake wa kwetu Kiarabu chao kilikuwa cha kuswalia. Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa mtu wa Omani, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi. Nilisimama penye duka la vitambaa, nikasikiliza, kisha nikarudi mlango kwa mlango: hodi, tangazo, kikombe cha kahawa, nyumba ya pili. Waliniita Redio. Nilijidai sana kwa jina hilo.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mjane mmoja, naye wa Unguja. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, binti aliyeolewa na kubaki kule. Kila nikimpelekea tangazo, hata la kusafisha kisima, aliuliza kwanza kama limetaja watu waliobaki pwani ya kwetu. Nilimwambia likitajwa atalisikia kwangu.

Mwaka wa pili mama alitaka baraza. Kwetu nyumba isiyo na baraza haijaisha kujengwa, na mama alikuwa mtu wa kuona watu. Tulimwita mwashi, akatujengea kwa mawe na udongo, upande mmoja wa mlango, urefu wa watu watatu waliokaa bila kubanana. Haikutupitia akilini kwamba kuna ruhusa ya kuomba. Nani Unguja aliomba ruhusa ya baraza? Ni sawa na kuomba ruhusa ya kizingiti. Mama akawa anatoka alasiri na buibui lake na kahawa yake, anaamkia wapitao, na rangi ikamrudi usoni. Jirani yule alikuwa wa kwanza kuja kulikalia. Alikunywa kahawa yetu na kuisifu.

Haukupita mwezi wakaja watu wawili na nyundo, na karani na karatasi yake. Karatasi ilisema hakuna ruhusa ya kutokeza kitu njiani. Karani simlaumu. Sheria ilikuwepo na sisi hatukuuliza. Nilimuuliza tu nani kalalamika. Macho yake yalikwenda mlango uliotazamana na wetu. Mama alikuwa ndani anachambua mchele, na aliendelea kuchambua mpaka nyundo zikanyamaza.

Nilivuka njia siku ile ile.

"Bimkubwa, ni wewe?"

"Ni mie, mwanangu," alisema, wala hakuzunguka. "Punda wa maji wakilikwepa baraza lenu wanaukwaruza ukuta wangu. Nlikwenda kusema tu. Sikujua watakuja na nyundo."

"Ungekuja kusema kwetu."

"Ningesemaje, na mamako analipenda vile?"

Angekuwa mtu wa hapa ningesema hajui. Huyu alizaliwa na kulelewa juu ya baraza. Alijua anachokivunja, na hilo ndilo lililonichoma.

Mama hakutoka tena. Niliweka mkeka ndani ya mlango, akaukataa. Alihamia chumba cha ndani kisicho na dirisha, akawa anauliza ni saa ngapi na anajibiwa, basi. Kiangazi cha pili baada ya hapo alikufa. Watu walisema moyo. Mimi nilisema ukuta wa jirani, nikalisema kimya kimya. Na jirani huyo huyo ndiye aliyekuja kumwosha, kwa sababu alijua kuosha kuliko wote. Nilimshikia kopo la maji nikitazama mikono yake inavyopita polepole kwenye mabega ya mama. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye saa ile.

Tangazo lenyewe lilikuja mwaka uliofuata, siku ya Jumatatu. Wenye wazazi au watoto waliobaki pwani ya Afrika wapeleke majina yao kwa karani kabla ya adhuhuri ya Alhamisi. Watakaoandikwa wataombewa ruhusa ya kuja kushuka hapa Omani. Nilimsikiliza mnadi mara mbili ili nihakikishe, kisha nikarudi. Nikabisha nyumba ya kwanza. Nikabisha ya pili. Nilipofika kwa jirani nikauona ule ukuta. Ulikuwa umepakwa chokaa mpya, mweupe, hauna hata mkwaruzo. Nikapita, nikaingia kwangu, nikafunga.

Siku tatu nilikaa nikingoja mtu amwambie. Hakuna aliyemwambia. Binti yake alijulikana kichochoro kizima, na mimi nilijulikana kwa kazi yangu. Kila mmoja aliona mjane yule ndiye wa kwanza kupata habari.

Alhamisi alasiri mwanamke mmoja wa nyumba ya juu alimuuliza kama karani amemwandikia vizuri jina la binti. Nilizisikia ndara zake zikikimbia kwenda ofisini. Nilizisikia zikirudi, hazikimbii. Orodha ilikuwa imeshapelekwa.

Alikuja kwangu. Nilikuwa nimejiandaa, jibu lilikuwa tayari mdomoni tangu Jumatatu.

"Nilibisha, bimkubwa. Nilibisha sana. Hukufungua."

Nilitaka anitukane ili nimwambie sababu. Hakunitukana. Alijipiga kipaja.

"Nlikuwa uani natwanga. Ni kosa langu. Kinu hakikunipa kusikia."

Tangu siku ile mlango wake haukufungwa mchana. Aliuacha wazi, akatandika mkeka nyuma yake, akakaa hapo toka asubuhi mpaka magharibi, vumbi la punda likimwingilia ndani. Hakutwanga tena. Unga alitwangiwa na watu. Kila unyayo uliopita aliunyanyulia kichwa. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kama mtu aliyekunywa maji baada ya funga. Nilikuwa nikitoka makusudi, nasimama kidogo mbele ya mlango wake, kisha naendelea na njia yangu.

Halafu akaniomba nimwandikie binti barua, maana hakujua kuandika.

"Mwambie jina lake halikwenda. Mwambie mamako ni mzembe, hakusikia mlango. Na mwambie yupo mtoto wa jirani, mwema, hatuachi. Wakati mwingine atabisha kwa nguvu."

Niliandika yote, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu mzuri.

Miaka mitatu alikaa nyuma ya ule mlango. Orodha nyingine haikutangazwa. Mwaka 1970 serikali ikabadilika na watu wa pwani wakaanza kufunguliwa njia. Hapakuwa tena na haja ya mnadi kupiga kelele, maana Maskati ilipata redio ya kweli, nami nikabaki na jina tu. Mwisho wa mwaka ule, alasiri moja, nilisikia kichochoroni mizigo ikitupwa chini, kilio cha wanawake wawili, na sauti ya mtoto wa kike akiuliza kwa Kiswahili cha kwetu yule bibi analia nini. Mjukuu huyo alikuwa wa miaka sita. Ningebisha, angekuja na miaka mitatu.

Ndara zikavuka njia. Zilikuwa zinakimbia.

"Hodi! Fungua, mwanangu. Wewe umetubebea habari miaka yote, leo mie nimekuletea yako. Nimewaambia hapewi mtu mwengine habari hii kabla yako."

Akabisha. Akangoja, akabisha tena, kwa nguvu. Nikamsikia akimwambia binti yake, "Labda yuko uani, hasikii. Ngoja."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Sikufungua.