Zimamoto wa Jikoni Kwetu

Sisi tuliosoma naye upishi tulimwita Zimamoto, na jina hilo alilipata kihalali.

Tulikuwa vijana kumi na wawili wa mtaa wa vyumba vya mabati, wengi wetu shule tuliiachia njiani. Mafunzo yalikuwa ya bure, miezi sita, katika jiko la kantini moja ya wafanyakazi. Mwalimu wetu alikuwa mpishi mstaafu wa hoteli, tumbo mbele, ulimi mkali. Siku ya kwanza alitufundisha sheria: ukibeba kitu kinachochemka, paza sauti "Moto!" ili watu wakupishe. Zimamoto siku hiyo hakuwepo; alikuwa amempeleka mama yake kliniki.

Juma la pili Mwalimu akapita na sufuria kubwa ya supu. "Moto! Moto nyuma yako!" Sisi tukasogea. Zimamoto akanyakua ndoo ya maji ya vyombo, akammwagia yote. Mwalimu akalowa chapachapa, povu mpaka masikioni, na supu ya watu arobaini ikawa supu ya sabuni. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Zimamoto mwenyewe hakucheka.

"Kesho usikanyage hapa," Mwalimu akamwambia.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilikuambia nini?"

"Mwalimu, kwetu tumeunguliwa mara mbili. Mtu akiita moto hatuulizi uko wapi, tunabeba maji. Nisamehe. Lakini siondoki."

Mwalimu akajikuna kidevu. "Basi utaosha vyombo. Jiko usilisogelee. Na mtihani usahau."

Mtihani ndio uliokuwa kila kitu. Mpishi mkuu wa hoteli kubwa angekuja kuonja, na mmoja wetu angepata ajira. Mama yake Zimamoto hakuwa na nguvu ya kufanya kazi tena, na nyumbani hakukuwa na mwingine wa kutegemewa. Akajikaza kisabuni, miezi mitano, mikono ndani ya karai.

Nilimcheka, acha nikiri. Sikujua kwamba anasoma. Alikuwa anasoma sahani. Kila kilichorudi alikitazama: kuku kaachwa, mkavu, karoti zimeachwa, hazijaiva. Kisha anakuja kukuambia bila haya, "Dada, supu yako imerudi nusu leo. Chumvi imekuponyoka." Tulimchukia kwa sababu alisema kweli.

Siku ya mtihani akavaa aproni, akasimama kwenye jiko la kumi na mbili.

"Wewe, nani kakuita?" Mwalimu akafoka.

"Tangazo linasema wanafunzi wote, Mwalimu. Na mimi ni mwanafunzi."

Mgeni, yule mpishi mkuu wa hoteli, alikwisha kukaa. Mwalimu akashusha sauti. "Haya. Ukiniaibisha, shauri yako."

Mimi niliipamba sahani yangu kwa michuzi ya rangi tatu, ungedhani naitia kwenye fremu. Zimamoto alipika kuku na karoti tu. Mgeni akaonja yangu vijiko viwili, akanishukuru kwa adabu. Ya Zimamoto akaimaliza, akafuta rojo kwa mkate, akauliza kama imebaki nyingine.

"Nani amemfundisha huyu?"

Tukamtazama Mwalimu. Angesema "mimi", nani angembishia? Mzee wa watu akavua kofia.

"Si mimi. Mimi nilimfukuza."

Nilikuwa nimejaa wivu, lakini aliposema hivyo nilijikuta napiga makofi kabla ya wote, na mpaka leo najivunia makofi yale.

"Basi mimi nimempokea," mgeni akasema. "Aje Jumatatu."

Zimamoto, ambaye miezi yote ile hatukuliona chozi lake, akaketi sakafuni akalia kwa sauti. Tukamwinua, tukamrusha juu mara tatu, na aliyekuwa akitupigia sufuria kwa mwiko alikuwa Mwalimu.