Mahali Alipokuwa Akikaa Wafula

Siku ambayo Mzee Barasa alipanda ngazi za ofisi yetu pale Kitengela na kuuliza swali moja tu, ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko siku zote za kazi yangu. Nimechora ofisi nyingi tangu wakati huo, mwanangu, na hakuna hata moja niliyoichora bila kumwona yule mzee amesimama katikati yake. Jana uliponiachia mchoro wako wa ile ofisi ya Kajiado, nilimwona tena. Kwa hivyo keti, chai iko kwa chupa, nikueleze.

Nilikuwa nimepita tu miaka thelathini. Kampuni yetu ilikuwa ya wachoraji wa majengo, na kwa muda mrefu tulikuwa tumepanga vyumba vya giza katikati ya Nairobi, kila mtu na meza yake, kila wawili na ukuta wa plaiwudi kati yao. Kodi ilipopanda, mkurugenzi wetu, mama mmoja mchangamfu tuliyemwita Madam, akaamua tuhamie Kitengela. Wengi wetu tulikuwa tukikaa huko hata hivyo. Barabara ya Namanga ilikuwa imetoka kutengenezwa upya, majengo yanachipuka kila upande, na Madam alitaka ofisi yetu wenyewe iwe ya kuwaonyesha wateja jinsi watu wa siku hizi wanavyofanya kazi.

Ilipendeza, sitakudanganya. Ghorofa mbili, zimeunganishwa na ngazi pana ambayo mtu angeweza kukaa juu yake na kompyuta yake. Hakukuwa na ukuta wa ndani ila wa choo na wa chumba kidogo cha kupigia simu. Madirisha yalianzia sakafuni, nawe ukiwa ndani unaona tambarare mpaka macho yachoke, na vumbi likizunguka mbali huko. Meza zilikuwa ndefu, soketi zimefichwa chini yake, ubao wa kuandikia una magurudumu. Na hakuna aliyekuwa na meza yake. Ukifika asubuhi unatoa vitu vyako kwenye kabati dogo la kufuli pale mlangoni, unatafuta pahali, unakaa. Ukitaka kufanyia kazi nyumbani siku hiyo, unabaki nyumbani, mradi kazi itoke. Vijana walifurahi mno. Hata mimi nilifurahi. Nilikaa siku moja na mhandisi ambaye kwa miaka sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, tukamaliza asubuhi ile jambo lililotusumbua mwezi mzima.

Sasa kulikuwa na Wafula. Huyu alikuwa mchoraji mkongwe kidogo kuliko sisi, mrefu, mpole, mtu wa Bungoma. Hakuwa na mke tena, alikuwa amefiwa, na hakujaliwa watoto. Alikuwa amepanga chumba na sebule kwenye ploti moja ya nyumba za kupanga upande wa Noonkopir, hapo hapo Kitengela. Kule Nairobi nilikuwa nakaa karibu naye, ukuta wa plaiwudi kati yetu, na ningejua amefika kwa kukohoa kwake tu. Alikuwa na chupa ya njugu za kukaanga alizotumiwa na mama yake, na mtu yeyote aliyepita pale alichota. Watu walipita sana pale kwa Wafula. Wengine nafikiri hawakuwa na haja ya njugu.

Tulipohamia Kitengela hakulalamika. Hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini jioni moja tukishuka ngazi pamoja aliniambia, "Mwende, unajua hapa sijui niage nani?"

Nikacheka. "Si uage watu wote mara moja?"

"Eeh," akasema. "Kama mbunge." Naye akacheka, tukaachana pale langoni.

Njugu zikaacha kuonekana. Chupa ile ingeweza kukaa wapi? Siku moja alikuwa karibu na dirisha, siku nyingine chini karibu na jikoni, siku nyingine haonekani, na wewe unadhani yuko ghorofa ile nyingine. Hatukuwa tumemsahau, mwanangu, nataka uelewe hilo. Tulimpenda. Kila mmoja wetu alijua Wafula yuko, ila kila mmoja alijua yuko kwingine.

Basi kukawa na wiki moja ya kazi nyingi. Tulikuwa tukishindania kazi ya kuchora shule moja ya wasichana kule upande wa Oloitokitok, na nusu ya watu walikuwa wameenda kuona kiwanja. Siku moja katikati ya wiki, dada yake Wafula alipiga simu ofisini kutoka nyumbani kwao. Simu ilishikwa na Naipanoi, msichana wa Isinya aliyekuwa mapokezi.

"Naomba kuongea na Wafula. Simu yake inalia tu, hashiki."

Naipanoi akatazama ukumbini. Akaniuliza, "Mwende, Wafula ako wapi?"

"Atakuwa juu," nikajibu, na nikarudi kwa kazi yangu.

Akapanda juu akauliza. Huko wakamwambia atakuwa ameenda Oloitokitok na wale wengine. Akampigia mmoja wa wale wa Oloitokitok, naye akasema hapana, hakuja nasi, atakuwa anafanyia kazi nyumbani. Majibu yote yalitolewa kwa nia njema. Naipanoi akampelekea dada mtu jibu hilo la mwisho: Wafula anafanyia kazi nyumbani, labda ameweka simu mbali. Dada akashukuru.

Kesho yake dada akapiga tena. Safari hii sauti yake ilikuwa nyingine, na Naipanoi hakuuliza mtu. Alinijia akaniambia, "Mimi naona twende kwake." Tukaenda.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tuligonga, tukaita. Kutoka ndani tukasikia kitu kama kucha zinakwaruza mbao. Mtunza ploti akaleta nondo, tukavunja.

Alikuwa sakafuni kati ya kitanda cha mbao na kochi. Kiharusi kilikuwa kimempiga, upande mmoja wote umekufa, na simu iko juu ya meza, pale pale inapoonekana na isipofikika. Alikuwa hai. Alikuwa amejivuta kuelekea mlangoni mara kadhaa na nguvu zikamwishia, hivyo ndivyo mkeka uliokunjamana ulivyotueleza. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Naipanoi alichovya leso kwenye maji akawa anamlowesha midomo, huku akimwita baba, baba, ingawa hawakuwa na undugu wowote.

Hospitalini alipata kuongea kidogo, maneno yakitoka nusu nusu upande mmoja wa mdomo. Nilikaa karibu naye. Nilitegemea ataniuliza kuhusu hali yake, au kuhusu wazazi wake. Alichosema ni hiki, na alikisema bila hasira, kama mtu anayeeleza alivyokosea hesabu:

"Nilidhani mtaona sipo."

 Nilimshika ule mkono uliokuwa bado unasikia. Daktari alituambia kwa upole kwamba ugonjwa huo unataka mtu aletwe mapema. Wafula alikaa siku chache akaaga dunia alfajiri ya Jumapili, dada yake akiwa amefika, baba yao akiwa bado njiani.

Ndipo Mzee Barasa, baba yake, alipokuja ofisini. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, suti yake ya kahawia imepigwa pasi vizuri ingawa alikuwa amesafiri usiku kucha. Wafanyakazi wote walisimama. Madam alimpokea kwa mikono miwili, akaanza kusema maneno ya pole, machozi yakamkatiza.

Mzee akamngoja atulie. Kisha akasema, "Mama, mimi sikuja kulaumu mtu. Mmemtunza kijana wangu kwa kazi miaka mingi, na nimewashukuru. Nina jambo dogo tu. Mama yake hakuweza kuja mpaka hapa, miguu inamsumbua. Amenituma. Amesema nikifika, nionyeshwe mahali Wafula alikuwa anakaa, nami nikae hapo kidogo, ndio nirudi nimwambie."

 Mtu mmoja akanyoosha kidole kwenye meza ya dirishani. "Hapo, alipenda hapo." Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Mara nyingi alikuwa kule jikoni." Na kutoka kwenye ngazi mwingine akasema alimwona zaidi juu.

Mzee aliwatazama mmoja mmoja, kichwa kikigeuka polepole. Naona alifikiri mwanzoni kwamba Kiswahili chake hakikueleweka, kwa maana aliuliza tena, "Nasema kiti chake. Kiti ya Wafula."

"Mzee," Madam akasema, "hapa hatukugawa viti. Kila mtu anakaa popote anapopenda."

"Popote," mzee akarudia.

Alilitamka neno lile kama mwalimu anayesoma neno kwenye daftari la mwanafunzi na hajaamua bado kama ni kosa. Akatazama ukumbi ule wote, mwanga wake, vioo vyake, viti vyote vizuri vya rangi ya chungwa ambavyo hakuna hata kimoja kilichokuwa cha mtoto wake. "Sasa siku hakuja," akauliza, "mlikuwa mtajua na nini?"

 Hakuwa ameuliza kwa ukali. Angetufokea, nafikiri tungepata nafuu. Tulimvutia kiti, akakataa kwa kichwa. Akasimama pale pale katikati, akafumba macho, akaomba kwa lugha ya kwao. Alipomaliza alimpa kila mtu mkono, hata askari wa langoni, akaenda zake.

Tulisafiri wengi kwenda mazishi. Nyumbani kwao ni pahali pa kijani, ardhi nyekundu, migomba mpaka mlangoni. Mama yake alikuwa ameketi kando ya jeneza, na nilikuwa nimeinama kumpa pole wakati mzee alipokuja kukaa karibu naye. Nilisikia akimwuliza mumewe, "Ulifika kazini kwake? Ulikaa?"

Mzee Barasa aliinua macho yakakutana na yangu. Kisha akamwambia mkewe, "Nilikaa. Wamempa pahali pazuri, Mama Wafula. Karibu na dirisha. Anaona mbali."

Yule mama akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. "Alipenda dirisha tangu utoto," akasema.

Mwanangu, mzee yule alikuwa mtu wa kanisa, na amefundisha watoto kusema ukweli maisha yake yote. Nilitoka nikaenda nyuma ya migomba nikalia mpaka nikaishiwa.

Tuliporudi Kitengela, Madam hakurudisha kuta. Wengine walitaka zirudi. Mimi sikutaka, wala sidhani Wafula mwenyewe angetaka, kwani alijua jinsi tulivyokuwa tukisinzia kule gizani. Tulichofanya ni kuugawa ukumbi mitaa mitaa, watu watano au sita kila mtaa, na kila mtaa una meza yake na ndoano zake za kutundikia makoti na rafu yake ya vikombe na picha za watoto. Ndani ya mtaa wenu kaeni mpendavyo, na nendeni kwa wengine mchana kutwa kazi ikiwataka. Lakini asubuhi kila mtu anaanzia mtaani kwake, na aliye nyumbani anapigiwa simu, sauti isikike. Naipanoi ndiye aliyependekeza hiyo ya sauti. Maandishi, alisema, mtu yeyote anaweza kutuma. Ilikuwa ofisi nzuri kuliko ile ya kwanza. Ilichelewa, basi.

Sasa turudi kwa mchoro wako. Usiogope kuvunja kuta, vunja. Watu wakionana uso kwa uso wanafundishana, na mambo yanayokaa wiki kwenye barua yanamalizika kwa kikombe cha chai. Waachie pia wenye watoto na wenye wagonjwa wafanyie kazi nyumbani, dunia imebadilika na ni heri. Ila kwa kila mtu atakayeajiriwa pale, hata yule wa muda mfupi, hata yule asiyeongea, tafuta mahali ambapo asipokuwepo patabaki wazi na mtu apaone. Hilo mteja hatakuomba. Atakuomba nafasi, mwanga, na rangi. Hili lifanye wewe bila kuombwa, na akikuuliza la nini, mweleze.

Na wewe mwenyewe, huko unakofanyia kazi, jifunze kumtafuta mtu. Usitosheke na "atakuwa yuko." Inuka uende uone. Ukikuta ni mzima anakunywa chai, utakuwa umepoteza dakika, naye atafurahi kwamba ulikuja.

Chukua mchoro wako, umekunjwa pale juu ya kabati. Mungu aliyekupa jicho la kuona nyumba kabla haijajengwa akupe pia moyo wa kuwaona watakaoingia humo. Kazi yako isimame, jina lako litajwe kwa wema Kajiado na mbele ya Kajiado, na popote utakapokuwa, siku ukiugua, asikosekane wa kubisha mlangoni kwako. Amina, mwanangu. Nenda salama.