Merti Mbili

Kwa karibu wiki mbili niliamini kwamba mama mmoja wa Merti alikuwa ananidanganya. Siku zote hizo alikuwa ananiambia kweli.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kompyuta katika shirika dogo la afya ya mifugo mjini Isiolo. Mkurugenzi wetu hakupenda habari za wafugaji zikae kwenye mashine za kampuni asiyoijua, kwa hivyo seva zote zilikuwa zetu wenyewe, na zikikorofisha, wa kuulizwa nilikuwa mimi. Rekodi za chanjo za Merti, mji mdogo wa mbali tulipokuwa na ofisi, zilikaa kwenye seva iliyokuwa huko huko. Sisi wa Isiolo tulizisoma kupitia VPN, ambayo wenzangu niliwaeleza kuwa ni kama bomba lililozikwa: linaanzia chini ya meza yangu na kutokea chini ya meza ya Merti.

Kwenye meza hiyo ya Merti alikaa mama huyo, Mborana wa makamo. Nilikuwa nimemfundisha kompyuta kwa wiki mbili, na tangu hapo akaniita mwalimu ingawa alinizidi umri kwa mbali. Aliandika kila kitu kwanza kwenye daftari, halafu akakiingiza kwenye mashine kwa vidole viwili.

Mambo yalianza siku umeme ulipopiga na kuunguza ruta yetu ya Isiolo, kifaa kilichotuunganisha na intaneti. Nikafunga nyingine mpya. Intaneti ikarudi, taa ya VPN ikawaka kijani, lakini nilipojaribu kufungua rekodi za Merti nikaandikiwa kwamba seva haifikiki. Nilihangaika nayo asubuhi nzima. Nilizima nikawasha, nikabadilisha nyaya, nikasoma mipangilio hadi macho yakauma. Mwishowe nikawasha kompyuta ya akiba iliyokuwa kwenye rafu, ambayo ilikuwa nakala kamili ya seva ya Merti niliyoichukua jana yake, ili nilinganishe mipangilio yake na niliyoikumbuka. Muda si muda, nikiwa nimeizima VPN na kuiwasha kwa mara ya kumi, rekodi zikafunguka.

Nikashukuru Mungu, nikaenda kunywa chai. Sikujiuliza ni nini hasa kilichozifungua.

Wiki iliyofuata mkurugenzi aliniita. Alikuwa anaandaa ripoti, na rekodi za Merti zilikuwa zimeishia siku moja kabla ya ruta kuungua. Baada ya hapo hapakuwa na mbuzi, kondoo wala ngamia.

Nikampigia mama simu.

"Salaam aleikum, mwalimu."

"Aleikum salaam, mama. Mbona hujaingiza chanjo za wiki hii?"

"Nimeingiza. Hata leo nimeingiza."

"Mimi sioni kitu hapa."

"Mimi naona. Iko mbele yangu."

Nilimwambia azime na kuwasha. Akafanya. Nikaangalia tena, hakuna. Kesho yake tukarudia yale yale. Nilichunguza seva kwa kila njia niliyoijua, na haikuonyesha kosa lolote. Hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Kosa lililoandikwa unaweza kulifuata, lakini hapa kila kitu kilikuwa salama, ila dunia ya Merti ilikuwa imesimama siku moja na kukataa kuendelea.

Mkurugenzi akauliza kama ni mashine au ni mtu. Nikasema mashine ni nzima. Sikusema zaidi ya hayo, lakini nilijua nimesema nini. Siku hiyo hiyo akamwandikia mama barua ya onyo.

Mama alinipigia mwenyewe baada ya kuisoma. Hakunisalimia.

"Mwalimu, wewe umesema mimi nakaa bure?"

"Mama, sikusema hivyo. Nimesema mashine haina shida."

"Kama mashine haina shida, basi shida ni nani?"

Akakata simu. Nilibaki nikiitazama skrini, nikitaka ionyeshe kosa lolote, hata dogo.

Gari la shirika lilipopeleka chanjo Merti, nikaomba nafasi. Nilijiambia naenda kutengeneza, lakini ukweli ni kwamba nilikwenda kumkamata. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia bila kumvunjia heshima.

Nilimkuta ofisini, friji ya chanjo ikinguruma nyuma yake. Hakuinuka. Aligeuza tu skrini upande wangu, akafungua daftari lake kando.

Zilikuwepo zote. Wiki tatu, mstari kwa mstari, na kila mstari ulilingana na daftari. Nilisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Niliona aibu, lakini hata aibu yenyewe ilichanganyika na kutoelewa. Kama hizi zipo hapa, mimi nimekuwa nikisoma nini?

Nikampigia simu katibu wetu, aliyekuwa Isiolo. Nilimwomba afungue rekodi za Merti kama kawaida, aongeze ngamia mmoja wa uongo. Akasema ameongeza, na anamwona. Mimi na mama tukatazama skrini ya Merti. Hakuna ngamia.

"Ameenda wapi?" mama akauliza.

"Sijui."

"Yule dada anamwona wapi?"

"Anamwona Merti."

Mama aliangalia dirishani, akaniangalia mimi. "Basi kuna Merti nyingine," akasema. Hakuwa anatania.

Nilicheka, kisha nikaikumbuka ile nakala, nikaacha kucheka. Nilimwomba katibu azime ile kompyuta ya kwenye rafu na ajaribu tena. Aliizima, akajaribu, akasema, "Sasa inakataa. Inasema seva haifikiki."

Sijawahi kufurahia kosa kama nilivyolifurahia lile. Nilikaa chini na kulifumua polepole. Ile kompyuta ya akiba nilikuwa nimeipa nambari ya mtandao ile ile ya seva ya Merti, ili siku ikihitajika ibebwe tu na kuchomekwa huku. Katika ruta yetu ya zamani nambari hiyo haikuwa na maana yoyote. Ruta mpya ilikuja na mpangilio wa nambari uliofanana kabisa na wa Merti. Ni kama ploti mbili za nyumba za kupanga mtaani Bulla Pesa, kila moja ina chumba namba kumi. Ukimwambia mpangaji apeleke kitu chumba namba kumi, atakipeleka cha ploti yake, hatatoka nje ya geti. Wiki zote hizo tulikuwa tunagonga mlango wa nyumbani kwetu, na nakala iliyolala tangu siku nilipoichukua ikatuitikia.

Nilimweleza mama hivyo hivyo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Na barua?"

Nikamwomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikuthubutu kuuliza.

Niliporudi nilibadilisha nambari za ofisi yetu, na rekodi zikaja zote. Mkurugenzi aliifuta barua kwa barua nyingine, lakini mama alitaka isemwe mbele ya watu. Alishuka Isiolo kwenye mkutano wa wafanyakazi, akaketi mbele, na mimi nikasimama nikaeleza kwamba yeye alifanya kazi yake na mimi sikufanya yangu. Alinitazama wakati wote bila kutikisa kichwa.

Baada ya mkutano aliomba aione hiyo mashine. Nikampeleka kwenye rafu. Aliigusa juu, akafuta vumbi kwa kidole.

"Ilikuwa inajua si Merti?"

"Haijui kitu, mama."

"Lakini ilijibu."

"Ilijibu kwa sababu iliulizwa."

Alifikiri kidogo. Nami nilikuwa nafikiri, maana nilipojisikia nikilisema jibu hilo halikunitosha hata mimi mwenyewe. Kisha akafunga mtandio wake vizuri, akasema anataka kupita sokoni kutafuta viatu kabla gari la Merti halijajaa, na akaniuliza kama nina nafasi ya kumsindikiza. Nikachukua mkoba wangu.