Bidoni Sitini na Moja

Céline anafagia kwenye shule moja ya sekondari ya serikali, pale Katuba, mtoto wake Gradi akiwa mgongoni. Mwenyewe aliachia masomo darasa la sita. Lakini wanafunzi anawajua: kila asubuhi wanaingia na begi mkono mmoja, bidoni, dumu la njano la maji, mkono wa pili. Bidoni ndiyo kiti. Kila moja ina jina, na Céline akifagia huzisogeza taratibu, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala.

Habari ikaja kwamba shule za serikali za nchi nzima zinaungana kwa ubia mmoja: zenye karakana zitatengenezea nyingine madawati, zenye walimu wazuri zitawaazima. Mgeni angepita kuandika kila shule inakosa nini.

Prefe Mbusa, mkubwa wa shule, ni mtu mwema, ila mgeni kwake ni mgeni. Lazima akute sahani nzuri, hata ya kuomba kwa jirani. Akaazima madawati, “mabanc” ya parokia.

“Mama Gradi, bidoni zote tia mu depo, ufunge.”

“Na mugeni akiuliza, Prefe?”

“Aulize nini? Ataona mabanc!”

Kesho yake mgeni, Mama Ramla wa Kindu, akazunguka darasa akitabasamu. “Hapa iko muzuri. Mabanc haikosi. Naandika sufuri.”

Céline alikuwa mlangoni na ufagio. Akamwona Princesse, mwanafunzi anayeandikiaga magotini mwaka mzima, akipapasa mbao ya dawati kwa kiganja, kama anaiaga.

Céline akafungua depo, ile stoo ya shule, akarudi na bidoni mbili, akaziweka miguuni pa mgeni. Akarudi tena. Darasa likalipuka: “Leta na yangu, Mama Gradi! Ile ya kupasuka!”

“Mama Gradi, unaniua!” Prefe jasho linamtoka.

“Parokia itabeba mabanc yake kesho, Prefe. Batoto batabakia na nini?”

Mama Ramla akakusanya kitenge chake, akaketi juu ya bidoni, akajaribu kuandika gotini. Kalamu ikateleza.

“Prefe, kama hatujue kwenye munaumia, tutasaidia nini?” Akafuta sufuri, akahesabu: sitini na moja.

Prefe naye akavuta bidoni, akaketi. “Basi andika na paa. Inavuja.”

Walicheka mpaka Gradi akaamka.

Baada ya miezi mitatu, lori la shule ya ufundi ya Likasi likashusha madawati thelathini na moja ya kukaa wawili wawili, yakinukia mbao mbichi. Na kila Jumamosi mwalimu wa hesabu wa Katuba anapanda gari kwenda kufundisha Likasi.

Wanafunzi wakarudisha bidoni nyumbani. Princesse alimwachia Céline yake, na jina lake bado liko juu. Ndiyo anayochotea maji ya kupangusia madawati.