Mbuzi Watatu na Mto wa Shingo

Kama ni kustarehe safarini, Ndambuki ndiye mwenyewe, wengine wanajaribu tu. Alikuwa akiuza dawa ya minyoo ya mbuzi. Kampuni inamtuma kila wiki, leo Garissa, kesho Eldoret, keshokutwa Kigali, na popote alipofika alifika kama mtu aliyetoka kuoga. Wenzake wanashuka kwenye ndege miguu imevimba kama viazi vikuu, yeye anashuka akipiga miayo ya mtoto aliyeshiba.

Siri yake ilikuwa begi. Ndani ya begi mlikuwa na mto wa shingo, ule uliopinda kama nira ya ng'ombe, umejazwa maganda ya nafaka fulani ya ng'ambo. Mlikuwa na vitambaa vyeusi vya kufunika macho, pamba za masikio, soksi laini pea sita, ndara za hoteli, na mkebe wa majani ya chai ya usingizi. Siku ya kwanza alipokuja kumwona mjukuu wangu Kanini hapa Kangemi, nilidhani anahamia. Na alitoka Loresho tu, nyumba ndogo iliyo nyuma ya jumba la tajiri fulani, mwendo wa kumaliza njugu za kiganja kimoja. Alifika anavuta begi la magurudumu kwenye matope, mto shingoni, chupa ya maji mkononi, akauliza kwa heshima kiti kilicho karibu na dirisha ni kipi. Nyumba yetu ina dirisha moja, na kuku alikuwa anataga hapo. Nikamhamisha kuku.

Kanini alimpenda hivyo hivyo. Mapenzi hayakagui mizigo. Yeye anauza vitambaa mjini katika duka la Athman, mzee wa Lamu mwenye ulimi wa wembe. Kila Jumatatu Athman alikuwa akimwuliza, huku anapima kitambaa kwa mkono, "Mwanangu, huyo mchumba wako atua lini? Ama tumtupie chakula huko huko juu?" Kanini anacheka, lakini akifika nyumbani anaosha sufuria kwa nguvu mpaka zinalia.

Ndambuki mwenyewe hakuona tatizo. Aliniambia, akiniita nyanya kwa Kikamba, "Susu, safari ni mwili. Mwili ukitulia, umefika." Fika uwanjani masaa matatu kabla ya wakati, vaa viatu vilivyolegea, usile nyama, vuta pumzi ukihesabu nne, toa ukihesabu nne. Kampuni yake ilipoona vile anavyorudi amenawiri, ikamwita kwenye ukumbi pale katikati ya jiji awafundishe wauzaji arobaini jinsi ya kutulia. Aliwafundisha. Alipofika pale pa kuhesabu nne, wote arobaini walikuwa wamelala, pamoja na mkubwa wao, na askari wa mlangoni, na simu za watu wote, maana hata simu hazikulia. Jiji lilitafuta dawa ya minyoo siku mbili bila kuipata. Wakampa cheti.

Sasa sikilizeni palipokuwa na shida. Kwetu Wakamba, msichana haolewi kwa pete wala kwa picha. Anaolewa siku mbuzi watatu wanapoingia katika boma la baba yake, wazima, kwa miguu yao wenyewe, wakakaguliwa na wazee, mmoja akachinjwa, watu wakala. Hiyo ndiyo ntheo. Kabla ya hapo, hata mkinunua sofa pamoja, Kanini ni binti ya baba yake tu, na mwanamume yeyote mwenye mbuzi watatu ana ruhusa ya kubisha hodi.

Na Ndambuki alikuwa ameshindwa ntheo mara mbili. Mwezi wa nne alikuwa Garissa, kampuni imemtuma, tukamsamehe. Mwezi wa nane alikuwa Loresho, nyumbani kwake, ndani ya kitanda chake. Alirudi kutoka Kisumu Jumamosi asubuhi, akasema ajilaze kidogo ili aje kwa wakwe akiwa ametulia. Akanywa chai yake, akafunga macho, akaziba masikio. Sisi tumepika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, sufuria mbili, wazee wamevaa makoti, mjomba wake Nzuki anagonga mlango kule mpaka mbwa wa tajiri akachoka kubweka. Ndambuki aliamka Jumapili, watu wakitoka kanisani, akapiga simu kuuliza kama amechelewa.

Mwanangu Mbaluka, baba yake Kanini, ametunza bustani ya watu Kitisuru miaka thelathini. Si mtu wa maneno. Ukikaa na mawaridi muda huo wote unajifunza kunyamaza. Alituma ujumbe mmoja tu: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kabla ya adhuhuri, mbuzi watatu bomani. Hakuna mara ya nne. Nilimwuliza Kanini kama hilo ni sawa naye. Akasema, "Susu, mimi namjua huyu mtu akiwa amefunga macho tu. Sijui kama nikizeeka atanitambua."

Kwa hiyo mjue, lililokuwa mezani siku ile ni Kanini mwenyewe, si mbuzi.

Haya yanayofuata nimeyapata kwa mjomba Nzuki, na Nzuki haongezi chumvi mpaka umpe chai. Ndambuki aliomba likizo tangu Alhamisi. Aliapa kwamba safari hii ataisimamia yeye, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kitaalamu. Jumamosi alfajiri wakaenda Kajiado na pikapu ya kukodi, wakanunua beberu mmoja mwenye ndevu za shemasi na majike wawili wanene. Ndambuki alisimama mbali kidogo. Huyu ni mtu aliyetibu minyoo ya mbuzi wa nchi nne, na alikuwa hajawahi kushika mbuzi. Alikuwa akiuza kwa picha.

Beberu akaanza kulia. Majike wakaitikia. Ndambuki akaona wasiwasi wa safari, akaona miili ambayo haijatulia, na moyo wake ukamwuma kwa kweli. Alimwambia mjomba kwamba mbuzi akisafiri na mawazo atafika amekonda, wazee watamkataa, na yeye atampoteza Kanini kwa sababu ya barabara. Nzuki akamwambia mbuzi hana mawazo, ana kamba. Hakusikia. Alikuwa ameshatandika godoro nyuma ya pikapu. Akachemsha maji pale hotelini kwa mama mmoja, akamwaga majani ya mkebe nusu nzima, akapoza, akawanywesha kwa beseni. Halafu pamba masikioni. Halafu kitambaa cheusi machoni. Halafu soksi, pea sita, na mkihesabu mtaona zilitosha kwato zote, kama vile Mungu alikuwa amepanga.

Kutoka Kajiado hadi Kangemi hakuna mbuzi aliyelia. Ndambuki naye mbele, mto shingoni, akavuta pumzi, akahesabu nne.

Walifika saa tano na nusu. Bomani wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki vya kuazima kanisani, na katikati yao Mzee Nzomo, ambaye ndiye mkaguzi. Nzomo anamkagua mbuzi kama daktari wa jeshi: meno, macho, kwato, na mkia anauinua bila aibu. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni nakoroga. Mlango wa pikapu ukafunguliwa.

Tuliona wageni watatu wamelala chali kwenye godoro, soksi miguuni, macho yamefunikwa. Beberu alikuwa anakoroma. Nimezaa watoto tisa na nimezika waume wawili, lakini kukoroma kama kule sijasikia. Mabati ya jirani yalikuwa yakitikisika.

Nzomo alizunguka pikapu mara mbili. Akauliza kwa upole hawa ni wagonjwa au ni marehemu.

"Wametulia, mzee," Ndambuki akasema, anatabasamu. "Hawakupata taabu hata kidogo njiani."

"Mbuzi wa ntheo huingia bomani kwa miguu yake. Mimi sikuja kuangalia waliolazwa."

Wazee wakaangalia chini. Nzuki akashusha kofia ikamfunika uso, akakaa hivyo kama mtu ambaye hakuja na yeyote. Ndambuki alimtikisa beberu kidogo, beberu akageukia ubavu wa pili na kuvuta godoro. Wale majike hawakujishughulisha. Ndipo mwanangu Mbaluka akasimama, akaelekeza kidole kwenye tangi letu la maji, akasema kivuli cha tangi kikiisha kuingia chini ya tangi, maneno yamekwisha, kila mtu achukue kofia yake. Kivuli kilikuwa kimebaki upana wa viganja vitatu.

Mnajua alichofanya yule kijana? Alichuchumaa karibu na sikio la beberu, akatoa ile pamba, akaanza kumhesabia. Vuta, moja, mbili, tatu, nne. Toa. Beberu akazidi kulala. Mzee mmoja wa pembeni naye akaanza kusinzia.

Kanini akatoka jikoni. Hakupaswa kutoka kabla ya kuitwa, lakini alinipita na mwiko wangu mkononi, na mimi nikajifanya naona sufuria tu. Alisimama mbele yake.

"Ndambuki. Mara ya kwanza ulikuwa Garissa. Mara ya pili ulikuwa umelala. Leo umekuja, na umewalaza mbuzi." Hakupandisha sauti. "Unataka bibi, ama unataka mtu wa kukulindia usingizi?"

Yule kijana alimwangalia Kanini, akaangalia tangi, akaangalia begi lake. Nadhani alikuwa anatafuta ndani ya kichwa chake kama kuna kifaa cha jambo kama hilo. Hakikuwepo. Akavua viatu vyake vile laini, akavirusha huko, akaingia ndani ya pikapu, akamkumbatia beberu kwa mikono miwili, mtu ambaye hajawahi kushika mbuzi, akamtupa mabegani na kushuka naye kwenye matope.

Beberu alikuwa mzito kama gunia la mawe. Ndambuki aliyumba, akateleza, akapiga goti, akainuka. Kichwa cha beberu kilikuwa kimelala vizuri juu ya ule mto wa shingo, maana jasho lote lile alikuwa amesahau kuuvua. Na pua ya mbuzi, hata mbuzi akiwa usingizini, haina likizo. Niliona pua ikicheza. Niliona sikio likisimama. Ndani ya mto ule, nimewaambia, hamkuwa na pamba. Mlikuwa na maganda ya nafaka.

Beberu alijiamsha mwenyewe kwa meno. Kitambaa kikapasuka, maganda yakamwagika mgongoni mwa Ndambuki kama mahindi kutoka kwenye gunia lililotoboka, na beberu akaruka chini, kitambaa cheusi kikamtoka machoni, akaanza kumfuata mtu kama anadai shingo yake. Ndambuki akakimbia. Harufu ikafika kwenye pikapu. Majike wawili wakainuka, wakaanguka kwa sababu ya soksi, wakainuka tena, wakashuka. Sasa msafara ni huu: mbele Ndambuki bila viatu, nyuma yake beberu mdomoni ana kipande cha mto, nyuma ya beberu majike, soksi zinachomoka moja moja. Walizunguka tangi mara saba. Mzunguko wa tano kuku wangu naye aliingia kwenye msafara. Watu wa sokoni waliacha mizani zao na kuja kupanda kwenye ukuta wetu, na ukuta bado umeinama, mkitaka njooni muone.

Mzee Nzomo hakuinuka kwenye kiti. Alikuwa anahesabu kwa kidole kila wanapopita. Mwishowe akasema, "Miguu kumi na miwili. Yote inafanya kazi." Akamkamata beberu alipopita, akaangalia meno, akainua mkia, akakubali kwa kichwa.

Mbaluka akatazama tangi. Kivuli kilikuwa kimebaki kama ukingo wa sufuria. Akamwita binti yake mbele ya wazee na kumwuliza kile ambacho baba lazima aulize: hawa mbuzi tuwale, ama tuwarudishe walikotoka?

Kanini alimwangalia Ndambuki. Alikuwa ameshikilia mguu wa tangi, anahema kama punda, shati limepasuka, maganda kwenye nywele, tope hadi magotini. Na macho yake, nawaambia, yalikuwa wazi. Mwaka mzima wa kuja kwetu, ndiyo siku ya kwanza nilijua macho ya yule kijana ni ya rangi gani.

"Waleni," Kanini akasema. "Lakini hilo begi libaki kwa Susu."

Tukala. Nyama ya beberu ilikuwa laini ajabu, na wazee walioila walilala wote hapo hapo kwenye viti vya kanisa hadi saa kumi na mbili.

Jumatatu Ndambuki alikwenda Eldoret na mfuko wa plastiki ndani yake mswaki na shati moja. Alirudi Jumatano uso umekunjamana kama kabichi ya juzi, miguu imevimba, shingo imeegemea upande mmoja. Kampuni inataka kumnyang'anya cheti. Lakini alishukia kwetu moja kwa moja, hakupitia Loresho, akakaa kando ya Kanini akimenya maharagwe na kulalamika mgongo, macho kodo.

Begi ninalo. Soksi nimegawia majirani, ndara ni zangu za kuogea. Chai imebaki nusu mkebe, na wageni wangu wakikaa sana huwa nawapikia kikombe.